Barabara ya Mtaa Wenu ni ya Nani, na Nani Atalipia Lami?

Kila mvua ya masika inaponyesha, ofisi za wadi hupokea malalamiko yaleyale. Njia imegeuka tope, bodaboda hawafiki, lori la maji limekwama, na wakazi wanataka kujua kwa nini barabara yao haitengenezwi ilhali wanalipa kodi. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, kabla ya kuuliza ni nani atakayelipia lami, kuna swali linalotangulia: kwa mujibu wa rekodi za serikali, barabara hiyo ni ya nani?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ni ofisi gani inayowajibika, ni fedha zipi zinazoweza kutumika, na kama kuna haja ya wenye ploti kuchangia. Makala haya yanaeleza jinsi barabara zinavyowekwa katika madaraja, fedha zake zinatoka wapi, na njia za kugawana gharama kati ya serikali na wamiliki wa ardhi zinazopatikana hapa nchini na kwingineko. Makala haya hayatangazi ada yoyote mpya.

Herufi zina maana gani?

Barabara za Kenya hupangwa kwa herufi. Nje ya miji, daraja la S, A, B na C ni barabara kuu za kitaifa. Barabara ya A8, kwa mfano, inatoka Mombasa, inapita Nairobi na kufika mpakani Malaba. Madaraja ya D, E, F na G ni ya chini zaidi, na hizo ndizo barabara za kaunti. Ndani ya miji kuna kundi jingine la herufi linaloanzia H, ambayo ni ya njia kubwa zinazobeba magari mengi, likishuka hadi kwenye vijia vya mitaani.

Msingi wa mgawanyo huu ni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Jedwali hilo limeipa serikali ya kitaifa jukumu la barabara kuu za kitaifa. Serikali za kaunti zimepewa barabara za kaunti, taa za barabarani, udhibiti wa magari na maegesho, na uchukuzi wa umma. Katika orodha iliyochapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali mwaka 2016, barabara zilizowekwa katika madaraja zilikuwa takriban kilomita 161,000. Kati ya hizo, takriban 40,000 zilikuwa za kitaifa na takriban 121,000 za kaunti. Kwa maneno mengine, robo tatu ya barabara za nchi ziko mikononi mwa kaunti 47.

Barabara za kitaifa nazo zina wasimamizi tofauti waliowekwa na Sheria ya Barabara ya 2007. KeNHA inasimamia barabara kuu, KURA inasimamia barabara za kitaifa zilizo mijini, na KeRRA inasimamia zile za mashambani. Ndiyo maana mkazi anaweza kutoka kwenye njia ya kaunti, akaingia barabara ya KURA na kumalizia safari kwenye barabara ya KeNHA bila kuvuka mpaka wowote unaoonekana. Shimo likiwa kwenye barabara ya KURA, mhandisi wa kaunti hana bajeti ya kuliziba, hata kama liko mbele ya ofisi yake.

Kazi ya barabara ndiyo inayoamua daraja lake

Daraja la barabara hutegemea kazi yake. Upana wala uzuri wake hauamui. Barabara za mjini zina kazi mbili: kupitisha magari yanayokwenda mbali, na kuwafikisha watu kwenye milango ya nyumba, maduka na shule zao. Njia kuu hufanya zaidi kazi ya kwanza. Njia ya mtaani hufanya ya pili. Kati yake kuna barabara zinazokusanya magari kutoka mitaani na kuyatoa kwenye njia kuu.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika suala la malipo. Njia kuu inamnufaisha mwenye matatu, mfanyabiashara wa soko, mgonjwa anayekimbizwa hospitalini na msafiri wa kaunti jirani. Si haki gharama yake imwangukie mwenye ploti iliyo kando ya njia, ambaye pengine faida yake ni vumbi na kelele. Njia fupi iliyofungwa mwisho na yenye ploti 20 inawanufaisha hasa wenye ploti hizo na wapangaji wao. Barabara inavyozidi kutumiwa na umma mpana, ndivyo inavyofaa kulipiwa na mfuko wa umma. Inavyozidi kutumiwa na wachache, ndivyo hoja ya wachache hao kuchangia inavyopata nguvu.

Lakini kazi ya barabara hubadilika. Njia ya mtaani inaweza kugeuka njia ya mkato ya matatu zinazokwepa msongamano, au ya malori yanayokwenda kwenye bohari mpya. Hali kama hiyo ikitokea, wakazi wana sababu nzuri ya kuomba daraja liangaliwe upya kabla ya kuombwa mchango wowote. Kuwalipisha watu wa njia iliyoharibiwa na magari ya wapitaji ni kuwabebesha mzigo usio wao.

Fedha zinatoka wapi?

Kuna mifuko kadhaa, na kila mmoja una masharti yake. Ushuru wa matengenezo ya barabara hutozwa kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mwezi Julai 2024 ushuru huo ulipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Kama jina lake linavyosema, ulikusudiwa kutengeneza barabara zilizopo, na mgao wake kati ya serikali ya kitaifa na kaunti umezua mvutano hadi mahakamani.

Kaunti hupata pia mgao kutoka hazina ya kitaifa, ambao hugawanywa kwa hospitali, maji, kilimo, shule za chekechea na barabara. Mfuko wa tatu ni mapato ya kaunti yenyewe, ikiwemo kodi ya majengo na ardhi inayolipwa na wenye ploti kila mwaka. Kodi hiyo isichanganywe na kodi ya pango la ardhi, ambayo wenye hati za kukodishiwa hulipa serikali ya kitaifa. Mtu anaweza kuwa amelipa moja kikamilifu na bado akadaiwa nyingine.

Mifuko hii yote kwa pamoja haitoshi kuweka lami kwenye kila kijia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo barabara hupangwa kwa zamu, na njia fupi za mitaani huwa mwisho wa foleni kwa sababu zinatumiwa na watu wachache kuliko zile za kwenda sokoni au hospitalini. Hapo ndipo wazo la kuchangia huingia: wenye ploti wakilipa sehemu ya gharama, njia yao inaweza kufikiwa mapema.

Njia zisizo za yeyote

Kuna kundi la njia ambalo halipatikani katika orodha yoyote. Mwenye shamba alilikata vipande, akauza ploti, na kuacha nafasi ya kupita. Kwenye ramani ya mpima ardhi njia hiyo inaonekana, pengine imeandikwa mita 6 au mita 9. Kwa kawaida, idhini ya kugawa ardhi huambatana na sharti la kukabidhi sehemu ya barabara kwa umma. Pale ambapo ugawaji haukuidhinishwa, au makabidhiano hayakukamilishwa, njia inaweza kubaki katika hati ya mwenye shamba wa zamani, hata kama amefariki miaka mingi iliyopita.

Kisheria, njia kama hiyo ni mali ya mtu binafsi. Fedha za umma haziwezi kutumika kuendeleza mali ya mtu, na mhandisi akiipeleka greda humo anaweza kuulizwa na mkaguzi wa hesabu. Wakazi huona wamebaguliwa, kumbe kinachokosekana ni karatasi. Kazi ya kwanza katika mitaa ya aina hii ni kutafuta warithi, kurudisha bikoni mahali pake, kuondoa kuta na vibanda vilivyoingia njiani, na kukabidhi njia kwa kaunti. Mchango unaotolewa kabla ya hatua hiyo huwa umejenga juu ya ardhi ya mtu mwingine, na mwenyewe anaweza kuja kuifunga.

Sheria inasemaje kuhusu kuchangia?

Wazo la wenye ploti kugharimia njia yao si geni nchini. Sura ya 406 ya Sheria za Kenya, iliyotungwa enzi za mabaraza ya miji na manispaa, inahusu kutengenezwa kwa barabara za mitaa na kupokelewa kwake mikononi mwa umma. Mantiki yake ni rahisi: njia ya binafsi hutengenezwa kwa kiwango kinachokubalika, wenye mali zinazopakana nayo hubeba gharama, kisha mamlaka ya mji huipokea na kuitunza kuanzia hapo. Wanaolipa hulipa mara moja, nao umma huchukua mzigo wa matengenezo ya baadaye.

Tangu 2010, mpango wowote wa aina hiyo lazima upite kwenye chujio la Katiba. Kifungu cha 209 kinaziruhusu kaunti kutoza kodi ya mali na kodi ya burudani, kodi nyingine iliyoidhinishwa na sheria ya Bunge, na ada za huduma wanazotoa. Kifungu cha 210 kinakataza kodi au ada yoyote ya leseni isiyotokana na sheria. Kifungu cha 201 kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na masuala ya fedha za umma yawe wazi na yashirikishe wananchi. Kwa hiyo hakuna afisa, mwakilishi wa wadi wala mwenyekiti wa kamati ya mtaa anayeweza kuamka asubuhi na kutangaza kwamba kila nyumba italipa kiasi fulani cha barabara kwa lazima. Malipo ya lazima yanahitaji sheria. Mchango wa hiari unahitaji makubaliano, na hakuna anayeweza kukamatiwa mali kwa kuukataa.

Kugawanya kwa kigezo gani?

Mtaa ukishakubaliana kuchangia, ugomvi mkubwa huja kwenye hesabu. Chukua mfano wa kubuni, uliowekwa hapa kwa ajili ya hesabu tu. Njia ina urefu wa mita 240 na ploti pande zote mbili. Gharama ya mitaro, kokoto na lami ni Sh7.2 milioni. Kaunti inalipa nusu, na wenye ploti wanabakiwa na Sh3.6 milioni.

Njia ya kwanza ni kugawa sawa kwa kila ploti. Zikiwa ploti 30, kila moja inalipa Sh120,000. Hesabu ni nyepesi na kila mtu anaielewa, ila mwenye kipande kidogo analipa sawa na mwenye ploti mbili zilizounganishwa chini ya hati moja.

Njia ya pili ni kupima uso wa ploti, yaani urefu wa upande unaopakana na barabara. Pande mbili za njia zina jumla ya mita 480, kwa hivyo kila mita inagharimu Sh7,500. Mwenye uso wa mita 12 atalipa Sh90,000. Mwenye ploti ya kona ambayo ubavu wake wa mita 30 unaelekea njia hiyo atalipa Sh225,000, ingawa lango lake huenda liko upande wa barabara nyingine. Aliye nyuma, asiyepakana na njia ila huipita kila siku, hatalipa chochote.

Njia ya tatu ni kufuata thamani ya mali iliyo katika daftari la ukadiriaji. Inaonekana ya haki zaidi, lakini ina kasoro moja. Madaftari mengi ya Kenya yamekuwa yakikadiria ardhi peke yake bila majengo. Nyumba ya mabati ya mjane na jengo la ghorofa lenye wapangaji 40, zikiwa kwenye ploti za ukubwa mmoja mtaa mmoja, zinaweza kuonekana zina thamani sawa. Sheria ya Kitaifa ya Ukadiriaji ya 2024, iliyochukua nafasi ya sheria za zamani za Sura ya 266 na 267, ndiyo inayoongoza sasa utayarishaji wa madaftari hayo.

Njia ya nne huchanganya vigezo. Sehemu ya gharama inagawanywa kwa uso wa ploti, na sehemu nyingine kwa matumizi: makazi ya familia moja, nyumba za kupangisha, duka, au ghala lenye malori. Hesabu yake ni ndefu, lakini inakaribia zaidi ukweli wa nani ananufaika na nani anaichakaza barabara. Hakuna kigezo kisicho na mlalamishi. La muhimu ni kigezo kichaguliwe kabla ya greda kufika, na kila mwenye ploti aone jina lake, vipimo vyake na kiasi chake kwenye orodha moja na jirani zake.

Wengine wamefanyaje?

Uingereza ilitunga sheria ya njia za binafsi za mitaani mwaka 1892, na kanuni zake sasa zimo katika Sheria ya Barabara ya 1980. Kwa kawaida gharama hugawanywa kwa uso wa ploti, lakini baraza la mji linaruhusiwa kuzingatia kiwango cha faida ambayo kila mali inapata, na linaweza kuingiza mali za nyuma zinazotumia njia hiyo. Wahusika hupewa mwezi mmoja kuwasilisha pingamizi. Sheria hiyo ina jambo jingine la kuigwa: mjenzi anayetaka kuinua nyumba kando ya njia ambayo haijapokelewa huweza kutakiwa kulipa au kudhamini gharama ya barabara kabla ya kuanza ujenzi. Mnunuzi wa nyumba haachiwi deni la tope.

Katika jimbo la Minnesota, Marekani, miji inaweza kuwatoza wenye mali sehemu ya gharama ya barabara, ila kuna ukuta mmoja: kiasi kinachotozwa hakiwezi kuzidi ongezeko la thamani ambalo mali imepata kutokana na kazi hiyo. Nchini Kolombia, sheria ya mwaka 1921 ilianzisha mchango unaotokana na kupanda kwa thamani ya ardhi, na miji kama Bogotá na Medellín imeutumia kujenga barabara nyingi. Funzo linalojirudia ni kwamba watu hukubali kulipa wanapoona kazi, wanapoona hesabu, na wanapojua mzigo una kikomo.

Wasio na uwezo, na wasioonekana

Makundi manne huhitaji kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni wazee na familia za kipato kidogo ambao ardhi yao ni ya thamani lakini mkononi hawana kitu. Kwa hao, malipo ya awamu ndiyo yanayowezekana. Sh90,000 zikigawanywa kwa miaka mitatu ni Sh2,500 kwa mwezi, na kwa miaka mitano ni Sh1,500.

La pili ni wapangaji. Hawana hati miliki na mara nyingi hawaitwi mikutanoni, ila mwenye nyumba anaweza kurudisha mchango wake kwa kuongeza kodi ya nyumba. Ni haki yao kusikilizwa. La tatu ni warithi ambao hati bado iko katika jina la marehemu, na ndugu hawajakubaliana ni nani wa kutia sahihi. La nne ni wenye ploti wasioishi mtaani, ambao ardhi yao hupanda bei kwa jasho la wengine. Mchango wa hiari hauna meno ya kuwafikia hao wa mwisho. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayofanya miji mingi ipendelee utaratibu wa kisheria.

Kuna pia upande wa pili wa shilingi. Kuchangia barabara si kuinunua. Njia ya umma iliyowekwa lami au kabro kwa mchango wa wakazi bado ni ya umma. Haiwezi kuwekewa lango na mlinzi wa kuwarudisha wapita njia, wala jirani ambaye hakuchangia hawezi kuzuiwa kuitumia.

Mkazi afanye nini?

Hatua ya kwanza ni kujua daraja la barabara na msimamizi wake. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuuliza, na ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Barua itaje jina la njia, mahali inapoanzia na inapoishia, na nambari za ploti mbili au tatu zinazopakana nayo.

Pili, wakazi wachunguze ramani ya upimaji wathibitishe upana wa njia. Iwapo haijakabidhiwa kwa umma, wazungumze na mwenye hati au warithi wake mapema, kabla ya kuomba greda.

Tatu, waingie kwenye kalenda ya bajeti. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Ombi linaloletwa Mei, mvua ikiwa imeshika, limechelewa kwa mwaka huo. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinawapa wakazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kuhusu jambo lolote lililo chini ya kaunti.

Nne, wakiamua kuchangia njia ya kaunti, wapate kwanza idhini ya maandishi na michoro ya mhandisi. Murram iliyomwagwa bila mitaro huoshwa na mvua ya kwanza, na njia iliyoinuliwa ovyo hupeleka maji sebuleni kwa jirani. Makubaliano yaandikwe: kiwango cha kazi, sehemu ya kila upande, kigezo cha kugawa, muda wa malipo, na ni nani atakayetunza barabara ikikamilika.

Tano, walinde fedha zao. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti. Anayelipa chochote kwa kaunti anapaswa kutumia njia rasmi za malipo na kupata risiti. Pesa za mchango wa barabara hazipelekwi kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe amevaa koti la kung'aa na kubeba kipimo cha futi.